Wamepima, Hawajaona Kitu

Kuna mgonjwa mnayemjua wote, na pengine mmeshawahi kuwa yeye. Ameamka na homa, viungo vinauma, kichwa kizito. Amekaa kwenye benchi la zahanati tangu saa moja na nusu asubuhi, ametobolewa kidole, amesubiri. Jibu linatoka: hana malaria. Badala ya kumshukuru Mungu, ananuna. Akifika nyumbani wanamwuliza wamesemaje, naye anajibu, "Wamepima, hawajaona kitu." Kabla ya Magharibi ameshapita duka la dawa kununua mseto, dawa ya malaria.

Leo nataka tukizungumzie hicho kitu ambacho hakikuonekana. Nitawasimulia wagonjwa wachache. Habari zao nimezibadilisha, na mahali pengine nimewachanganya watu wawili wakawa mmoja, ili asitokee mtu wa kumtambua jirani yake. Magonjwa yenyewe sikuyabadilisha.

Nianze na mtoto wa mwaka mmoja na miezi miwili. Mama yake alimleta siku ya tatu ya homa, na kikohozi kidogo. Kipimo cha haraka kikaonyesha mstari mmoja tu, maana yake hana malaria. Mama hakuridhika. Akasema, "Nesi, huyu mwanangu namjua. Hata mwaka jana ilimwanza hivi hivi, na ilikuwa malaria." Nesi hakubishana naye. Alimwomba akae, amnyonyeshe mtoto atulie, kisha ampandishe fulana hadi kwapani. Akavua saa yake, akaiweka pembeni ya mtoto, akaanza kuhesabu kifua kinavyopanda na kushuka. Alihesabu dakika nzima. Wapo wanaohesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili, lakini mtoto hapumui sawasawa muda wote, na kosa dogo likizidishwa linakuwa kubwa. Alipata pumzi 58.

Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha pumzi 40 kwa dakika, huyo anapumua haraka kuliko inavyotakiwa. Wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, kiwango ni 50. Mchanga wa chini ya miezi 2 ni 60. Nesi akainama, akatazama chini ya mbavu. Kila mtoto alipovuta pumzi, sehemu ile ya chini ya kifua ilikuwa inabonyea ndani badala ya kutoka nje. Ilikuwa nimonia. Mtoto akaanzishiwa amoksilini ya vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, na mama akaonyeshwa kwa macho yake ile sehemu inayobonyea, ili ajue cha kuangalia usiku. Ugonjwa unaoua watoto wadogo kwa wingi duniani ulitambuliwa kwa saa ya mkononi na fulana iliyopandishwa.

Mama yule alikuwa na sababu ya kung'ang'ania malaria, na mimi simlaumu hata kidogo. Sisi watu wa afya ndio tuliomfundisha. Kwa miaka mingi mwongozo ulikuwa kwamba mtoto mdogo mwenye homa, kwenye nchi zetu zenye malaria nyingi, apewe dawa ya malaria bila kungoja kupimwa. Ulikuwa mwongozo wenye akili kwa wakati wake: malaria ilikuwa tele, hadubini zilikuwa chache, na mtoto mwenye malaria kali hukata roho haraka. Bibi zetu walikuwa na klorokwini kabatini kama sasa tulivyo na panadoli. Mwaka 2010 ndipo Shirika la Afya Duniani lilipoelekeza kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria, mkubwa au mdogo, apimwe kwanza. Na malaria yenyewe ilikuwa inapungua. Uchunguzi wa kitaifa wa 2007 na 2008 uliwakuta takriban watoto 18 katika kila 100 wa Tanzania Bara wana vimelea vya malaria kwenye damu. Ule wa 2017 uliwakuta kama 7. Mazoea yetu hayakupungua kwa kasi hiyo.

Madhara ya mazoea haya yamepimwa, na yamepimwa hapa hapa kwetu. Mwaka 2004 Hugh Reyburn na wenzake walichapisha utafiti walioufanya katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Walifuatilia wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa malaria kali. Damu zao zilipochunguzwa upya kwa makini, chini ya nusu ndio waliokuwa na vimelea. Katika wale waliokuwa na malaria kweli, walifariki karibu 7 katika kila 100. Katika wale wasiokuwa nayo, ambao nao walikuwa wamelala wodi zile zile wakitibiwa malaria, walifariki 12 katika kila 100. Huwa nairudia hesabu hii kila ninapozungumza na vijana wanaoingia kazini. Hawa wa pili walikuwa na kitu kinachoua, na jina tulilowapa lilitufanya tuache kukitafuta.

Utafiti mwingine ulifanyika Moshi kati ya 2007 na 2008, katika hospitali mbili za mjini pale, kwa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Madaktari waliwaandikia malaria 528. Waliothibitika kuwa homa yao imeletwa na malaria walikuwa 14. Waliobaki walikuwa na nini? Wengine walikuwa na bakteria kwenye damu. Wengine chikungunya, ugonjwa wa mbu ulioelezwa kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa uwanda wa Makonde, kusini mwa nchi yetu, miaka ya 1952 na 1953. Lakini lililowashangaza wengi ni wingi wa magonjwa yanayotoka kwa wanyama. Katika wale waliochunguzwa magonjwa hayo, zaidi ya mmoja kwa kila wanne alikuwa nayo. Na hapo ndipo ninapomleta mgonjwa wangu wa pili.

Huyu alikuwa baba wa umri wa miaka 38 hivi, mfugaji wa maeneo ya chini ya Mlima Kilimanjaro. Alikuja na daftari la matibabu lililochakaa pembe. Mimi nina kawaida ya kulisoma daftari kabla ya kumgusa mgonjwa, kwa sababu huwa linasema mambo ambayo mwenyewe ameshasahau. La kwake lilijaa mihuri. Mseto. Wiki mbili baadaye, taifodi 1:160, akapewa sipro. Mwezi uliofuata, mseto tena. Kisha sindano za seftriaksoni za siku tano. Kisha taifodi tena. Kila ukurasa ulianza na maneno yale yale, homa na kuumwa mwili, na ukaishia na dawa. Hakuna ukurasa hata mmoja ulioandikwa anafanya kazi gani.

Nikamwuliza homa inakujaje. Akasema inakuja jioni, usiku analowa jasho mpaka mkewe anabadilisha shuka, asubuhi anaamka nafuu, anakwenda machungani. Inakaa siku kadhaa, inaondoka, anadhani amepona, inarudi. Mgongo wa chini unauma, na nyonga. Amepungua. Nguvu za kiume nazo zimeshuka, jambo alilolisema akitazama mlangoni.

Jasho la usiku na kupungua mwili, sharti umfikirie kifua kikuu. Tulimpima makohozi, hakuwa nacho. Nikamwuliza, "Baba, ng'ombe wako hawajambo?"

Akanitazama akiona kama nimemsahau yeye. "Wazima tu. Isipokuwa mitamba wawili walitupa mimba mvua zilipoanza."

"Nani aliyewasaidia kutoa kondo la nyuma?"

"Mimi mwenyewe, nani mwingine?"

"Kwa mkono mtupu?"

"Sasa, Daktari, ulitaka nitumie nini?"

Na maziwa? Maziwa wanakunywa yakiwa bado na povu, kama walivyokunywa wazee wao.

Ugonjwa huu wa kutupa mimba kwa mifugo, ambao madaktari wanauita bruselosisi, unamwingia binadamu hasa kwa njia hizo hizo mbili: maziwa mabichi, na maji maji ya uzazi ya mnyama aliyeharibu mimba. Si ugonjwa mgeni. David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, alikiona kijidudu chake kisiwani Malta mwaka 1887, kwa askari waliokuwa wanakufa kwa homa isiyoeleweka. Ilichukua miaka 18 mingine hadi Themistocles Zammit, daktari wa Malta mwenyewe, alipogundua mwaka 1905 kwamba kinakaa kwa mbuzi waliokuwa wanakamuliwa mlangoni kwa watu. Mwaka uliofuata askari wakakatazwa maziwa ya mbuzi, na ugonjwa ukaporomoka kambini. Nimeitaja hadithi hii kwa sababu mbuzi walikuwa wanapita mbele ya hospitali muda wote huo.

Kipimo cha damu cha bruselosisi kilipofanyika kikathibitisha kwamba anao. Matibabu yake ni dawa mbili kwa pamoja, na doxisaiklini mojawapo, kwa wiki 6. Wiki sita ni nyingi kwa mtu ambaye kila dozi aliyowahi kupewa ilikuwa ya siku tatu au tano, na ikiachwa katikati ugonjwa unarudi. Kwa hiyo nilimwita mkewe ndani, tukahesabu vidonge pamoja mezani, tukamweleza kwamba maziwa yachemshwe, na kwamba mtamba akiharibu tena asiguse mtu bila glavu, na bwana mifugo aitwe. Maneno hayo ya mwisho yalichukua muda kuliko uchunguzi wenyewe, na nadhani ndiyo yaliyokuwa na faida zaidi, maana pale nyumbani kulikuwa na watoto wanne wanaokunywa maziwa yale yale.

Kuna tabibu wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliyeandika kitabu cha magonjwa ya wafanyakazi mwaka 1700. Aliwaasa madaktari waongeze swali moja kwenye yale waliyozoea kumwuliza mgonjwa: unafanya kazi gani? Swali hilo halina gharama, halihitaji umeme wala kemikali, na kwa mfugaji wetu lingemwokolea miezi mingi. Lingewasaidia pia wakulima. Julai 2022, wilayani Ruangwa mkoani Lindi, watu walianza kuumwa homa, kichwa, na wengine kutokwa damu puani. Waliougua walikuwa 20, watatu wakafariki. Nchi nzima ilishika roho mkononi, tukiwaza ebola. Wataalamu wakachunguza, wakakuta ni homa ya mgunda, leptospirosisi, inayoenezwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, kwenye maji na udongo. Watu waliipokea kama ugonjwa mpya. Utafiti ule wa Moshi ulikuwa umeshaikuta, miaka 14 nyuma, ikiwa ndiyo ya kwanza kwa wingi katika magonjwa ya wanyama waliyoyapima. Tulikuwa nayo wodini, tumeiandikia malaria.

Sasa nirudi kwenye daftari la yule mfugaji, mahali palipoandikwa taifodi 1:160. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sijui kipimo kingine kinachowatoa watu fedha mifukoni kama hiki.

Kipimo hicho kinaitwa Widal, kwa jina la daktari Mfaransa, Fernand Widal, aliyekieleza mwaka 1896. Kinavyofanyika ni hivi. Mtaalamu wa maabara anachukua tone la maji ya damu, analichanganya kwenye kioo na tone la dawa yenye vipande vya bakteria waliokufa, anakitikisa kioo taratibu. Mchanganyiko ukigandamana na kufanya chenga, jibu ni chanya. Zile namba, 1:80, 1:160, zinaonyesha damu ilizimuliwa kiasi gani na bado chenga zikatokea. Lakini kinachoshikana na wale bakteria ni kinga ya mwili, na kinga hubaki kwenye damu miezi, hata miaka, baada ya ugonjwa kuisha. Ukiwa uliumwa taifodi zamani, utakuwa nayo. Ukichanjwa, utakuwa nayo. Hata malaria na magonjwa mengine yanaweza kuichokoza ikatokea. Kwa kanuni zake, kipimo hiki kinataka damu ichukuliwe mara mbili, kwa kupishana siku kadhaa, ili kuona kama kiwango kinapanda. Nani kati yenu amewahi kuitwa arudi kwa damu ya pili?

Taifodi ipo na inaua, inatoboa utumbo. Ninachosema ni kwamba si nyingi kiasi kinachoandikwa. Mwaka 2008 watafiti waliwachunguza watoto 1,005 wenye homa, waliokuja kama wagonjwa wa nje Dar es Salaam na Ifakara, wakawapima kila kilichowezekana kupimwa. Wenye malaria walikuwa karibu 11 katika kila 100. Wenye taifodi hawakufika 4. Wenye maambukizi ya njia ya mkojo walikuwa kama 6. Magonjwa ya njia ya hewa peke yake, mafua, koo, kifua, nimonia, yalichukua 62. Na sehemu kubwa ya homa zote hizo zililetwa na virusi, ambavyo dawa za bakteria kama sipro na seftriaksoni haziwezi kuvigusa. Mtoto anapona kwa kunywa maji, kula, panadoli na kuangaliwa. Ukweli huu ni mgumu kuutoa mbele ya mzazi aliyelipa nauli na kuacha biashara yake, lakini ndio ukweli.

Kupata taifodi ya uhakika kunataka kuotesha damu maabara ili bakteria wakue waonekane. Huduma hiyo haipo zahanati, na vituo vingi vya afya havina. Hilo ni jukumu la wenye bajeti, na ninalisema hapa redioni nikijua wapo wanaosikiliza. Tumesambaza kipimo cha haraka cha malaria hadi kijiji cha mwisho, tukafanya vizuri sana. Kwa homa iliyobaki, yule tabibu wa kijijini tumemwachia kioo, tone la Widal na foleni ndefu nje ya mlango. Akiandika taifodi, mara nyingi anaandika kwa sababu karatasi inahitaji jina.

Jina jingine linalojaza karatasi ni UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Kuna mama wa miaka 46, muuza vitenge, aliyekuja akiniambia kabla hajakaa, "Daktari, mimi nina UTI sugu." Ametibiwa mara nyingi, vidonge na sindano. Nikamwuliza UTI yake ikoje. Mkojo ukitoka unachoma? Hauchomi. Tumbo la chini linauma? Hapana. Homa? Hapana. Ila anakwenda chooni kila saa, usiku anaamka mara nne, tano. Na anakunywa maji? Akainua chupa ya lita moja na nusu aliyokuja nayo, imebaki robo. Vitenge anavyovifunga yeye mwenyewe kiunoni vimelegea, na amekuwa akiwashwa sehemu za siri, dawa za fangasi zinamtuliza wiki moja tu. Kisha akasema jambo ambalo ningetamani kila mhudumu alisikie: choo chao ni cha nje, na siku hizi sisimizi wanajaa pale anapokojoa.

Tulimtoboa kidole. Sukari ilikuwa 19. Mtu mwenye dalili kama zake, ikisoma 11.1 au zaidi saa yoyote ile, ana kisukari. Kipimo kinachukua sekunde chache kwenye mashine ndogo ya mkononi. Katika dawa zote alizowahi kumeza kwa ajili ya UTI yake, hakuna aliyewahi kumwuliza kama anasikia kiu. Mwenye kisukari anaweza kweli kupata na maambukizi ya mkojo, tena kwa urahisi kuliko wengine, kwa hiyo wale waliomtibu mwanzoni huenda hawakukosea siku ya kwanza. Kosa lilikuwa kwenye neno sugu. Ugonjwa unaorudi baada ya dozi kamili mara ya pili unatakiwa kuulizwa upya kuanzia mwanzo, na huyu mama aliongezewa tu ukali wa dawa.

Dengi nitaipitia haraka, maana mliopo Dar es Salaam mliiona wenyewe 2014 na tena 2019. Homa kali ya ghafla, maumivu nyuma ya macho, viungo kama vimepigwa, baadaye vipele. Mbu wake anauma mchana na anazaliana kwenye maji safi yaliyotuama, kwenye tairi, vifuu na ndoo. Ninalotaka mlishike ni dawa. Mtu mwenye homa ya namna hiyo asipewe diklofenaki, wala aspirini, wala ibuprofeni, awe amechomwa sindano au amemeza, kwa sababu zinaongeza hatari ya kutokwa damu. Panadoli na maji mengi. Na mwangalieni zaidi pale homa inaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba. Watu hufurahi homa ikishuka, wakaacha kumwangalia. Tumbo likianza kumuuma sana, akitapika mfululizo, fizi zikitoa damu, huo ndio wakati wa kukimbia hospitali.

Nisije nikaeleweka kwamba malaria imekwisha. Tabora, Kigoma, Geita, Mtwara, huko bado mtoto mwenye homa ana uwezekano mkubwa wa kuwa nayo, na atokaye Moshi au Arusha akaenda huko kuona ndugu hana kinga ya wenyeji. Ndiyo maana mwambieni daktari mlikosafiri. Na kipimo nacho kina mipaka yake, ambayo mgonjwa ana haki ya kuijua. Kipimo cha haraka tulichonacho kinatafuta protini ya kimelea, si kimelea chenyewe, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya kupona, kama jivu lenye joto baada ya moto kuzimwa. Kwa hiyo aliyemaliza mseto juzi akipimwa tena kwa kipimo hicho anaweza kuonekana bado ana malaria, akapewa dozi nyingine asiyoihitaji. Huyo apimwe kwa hadubini. Upande wa pili, aliyepimwa siku ya kwanza ya homa akakosa kuonekana nayo, homa ikiendelea apimwe tena. Na mtoto anaweza kuwa na malaria na nimonia kwa pamoja, kwa hiyo mistari miwili kwenye kipimo haimpi mtu ruhusa ya kuacha kuhesabu pumzi.

Kwa wenzangu wa zamu, najua mnavyofanya kazi. Najua kuna siku wagonjwa wanapita 60 na mko wawili. Lakini maswali manne au matano yanachukua dakika tatu: ilianza lini na inakujaje, umesafiri wapi, kazi yako na mifugo yako, umeshameza nini, nani mwingine nyumbani anaumwa. Mkiona hakuna dalili ya hatari na hamjui ni nini, andikeni hivyo. "Homa, sababu haijajulikana, hana malaria, arudi siku ya tatu." Mimi nikiikuta sentensi hiyo kwenye daftari la mtu, namheshimu aliyeiandika kuliko mwenye kuandika majina matatu ya magonjwa kwa mpigo.

Nanyi mnaougua, mkiambiwa hamna malaria, ulizeni swali moja kabla ya kutoka: basi mnadhani ni nini, na nirudi lini? Msiondoke bila tarehe. Msinunue mseto njiani. Daftari msilitupe likijaa, lishoneni na jipya.

Lakini yapo mambo ambayo hayasubiri tarehe. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila anachopewa, aliyepata degedege, aliyelegea au haamshiki, au anayevuta pumzi kwa shida. Mtu mzima mwenye homa na shingo iliyokakamaa, anayechanganyikiwa, anayehema, macho yamekuwa manjano, mkojo umekuwa kama Coca-Cola, au anatokwa damu mahali popote. Mjamzito mwenye homa, hata iwe ndogo. Hao wapelekeni hospitali usiku huo huo, iwe amepimwa mtaani au hajapimwa, iwe wameona kitu au hawajaona. Na mkifika semeni mapema dawa zote alizokwisha kumeza, za duka na za mitishamba, na saa aliyozimeza.